Je, Wajua? Mlinzi wa Jengo la Serikali, Kuanzia Ng'ambo ya Unguja

Mtu anayekwenda kwenye afisi ya serikali mjini Unguja, awe anafuata cheti cha kuzaliwa, leseni au pensheni ya mzee wake, wa kwanza kuonana naye si mkurugenzi wala karani. Ni mlinzi. Ndiye anayemsalimu, anayemuuliza shida yake, anayemwandika daftarini na kumwonesha ngazi. Wengi humpita bila kumtazama usoni. Lakini ukizifuata habari za Unguja, hasa za Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, utakuta mara nyingi jambo kubwa la nchi limeamuliwa mlangoni, mbele ya mtu wa zamu. Haya hapa ni mambo machache kuhusu kazi hiyo, ya kwetu na ya walimwengu.

1. Mapinduzi ya 1964 yalianzia kwenye lindo la usiku

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 12 Januari 1964, kama saa 9, wanamapinduzi walivamia kambi mbili za polisi: Ziwani, upande wa Ng'ambo, palipokuwa na ghala la silaha, na Mtoni, kaskazini ya mji. Walikwenda na mapanga, mikuki, pinde na magongo. Bunduki ndizo hasa walizozifuata. John Okello, mmoja wa viongozi wa uvamizi huo, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1967 kwamba pale Ziwani yeye mwenyewe alikamatana na askari wa zamu mpaka akampokonya bunduki. Wanahistoria wanaendelea kujadiliana juu ya ukubwa wa nafasi ya Okello katika Mapinduzi. Lililo wazi ni kwamba ghala lilipovunjwa, silaha za serikali ziliingia mikononi mwa waliokuja kuiangusha.

Kituo cha polisi cha Malindi, karibu na bandari, kilishikilia kwa saa nyingi zaidi, nacho kikaachwa. Serikali ya Sultani Jamshid bin Abdullah, iliyopokea uhuru tarehe 10 Disemba 1963, ikawa imemaliza muda wake kwa mwezi mmoja na siku chache. Ziwani imebaki kuwa makao makuu ya polisi Zanzibar hadi leo.

2. Kabla ya kuvunjwa ghala, walinzi wenye uzoefu walikuwa wameachishwa kazi

Wakati wa Waingereza, askari polisi wengi wa Unguja walikuwa watu wa asili ya Bara: Tanganyika, Kenya na Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Serikali mpya ya vyama vya ZNP na ZPPP haikuwaamini. Ikawaachisha kazi wengi wao na kuweka wapya wasio na mafunzo ya kutosha. Kwa hiyo serikali ilipata hasara mara mbili kwa uamuzi mmoja: malindo yalibaki na askari wageni wa kazi, na mitaani wakazagaa watu wanaoijua Ziwani ndani na nje, wanaojua zamu hubadilishwa lini na funguo hukaa wapi, tena wakiwa na uchungu wa kukosa mkate. Baadhi yao walishiriki usiku ule wa Januari.

Somo lake linamhusu kila mkuu wa taasisi. Mlinzi anatembea na siri za jengo kichwani. Anayeingizwa kazini kwa haki na kutoka kazini kwa haki hubaki mtu wa amani hata baada ya kuvua sare.

3. Mlango wa pili ulikuwa wa redio

Baada ya silaha, wanamapinduzi walifuata sauti. Kituo cha redio kilikuwa Raha Leo, katikati ya Ng'ambo, jirani na jumba la starehe na mikutano ambalo Waingereza walilijenga walipotaka kuupanga upya upande huo wa mji. Kukicha, wananchi walisikia kutoka Raha Leo sauti ya Okello ikitangaza kwamba serikali imeanguka. Hapo Raha Leo ndipo wanamapinduzi walipokita makao yao katika siku za mwanzo.

Tangu enzi hizo, katika nchi nyingi za Afrika, kituo cha redio na televisheni kimekuwa kikipewa ulinzi wa silaha. Mtu aliyezowea kuona askari wenye bunduki nje ya studio za muziki na taarifa ya habari asistaajabu. Raha Leo inaeleza sababu.

4. Kuazima walinzi kuliiponza Dar es Salaam

Siku chache baada ya Mapinduzi, Tanganyika ilituma kikosi cha polisi Unguja kusaidia kurudisha utulivu. Polisi hao walipoondoka, Dar es Salaam ilipungukiwa na askari wa kuaminika. Tarehe 20 Januari 1964 wanajeshi wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maafisa wa Kiingereza. Wakashika sehemu muhimu za jiji, na Mwalimu Nyerere akalazimika kujificha. Uasi ulizimwa tarehe 25 Januari na wanamaji wa Kiingereza walioombwa na serikali.

Jeshi lile lilivunjwa lote. Tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Kwa hiyo jeshi tulilonalo leo linatokana, kwa sehemu, na wiki moja ambayo nchi ilijiuliza nani anailinda milango yake.

5. Mlango wa tatu: Kisiwandui

Tarehe 7 Aprili 1972, jioni ya Ijumaa, Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Tanzania, alikuwa kwenye makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi, Kisiwandui, akicheza bao na wenzake kama ilivyokuwa desturi yake. Watu wenye silaha wakaingia na kumpiga risasi. Miongoni mwa waliofyatua alikuwa Luteni Humud Mohamed Humud, askari wa jeshi, aliyekufa papo hapo.

Mzee Karume alipenda kuonana na watu. Kiongozi aliye karibu na wananchi ni neema, na mlinzi wake huwa na mtihani mzito: afunge mlango kiasi gani bila kumtenga mkuu wake na umma? Kaburi la Mzee Karume liko hapo hapo Kisiwandui, kwenye afisi ambazo sasa ni za CCM. Tarehe 7 Aprili ni siku ya mapumziko nchini Tanzania kwa kumbukumbu yake.

6. Mwaka huo huo, makao makuu mengine ya chama yaliokolewa na mlinzi

Siku 71 baada ya msiba wa Kisiwandui, usiku wa tarehe 17 Juni 1972, kijana wa miaka 24 aitwaye Frank Wills alikuwa zamu ya usiku katika jengo la Watergate, Washington, zilipokuwa afisi za chama cha Democratic cha Marekani. Akiwa kwenye doria alikuta utepe wa gundi umebandikwa kwenye kitasa ili mlango usijifunge. Akautoa, akidhani ni wafanya usafi. Alipopita tena akaukuta umebandikwa upya. Hapo akapiga simu polisi, na watu watano wakakamatwa ndani.

Uchunguzi wa wizi huo ulifika mpaka kwa Rais Richard Nixon, aliyejiuzulu tarehe 9 Agosti 1974. Mlinzi aliyeanzisha yote hayo alikuwa akilipwa kama dola 80 kwa wiki. Daftari la lindo la usiku ule, lenye mwandiko wake, limehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa za Marekani. Mlinzi anayeona tabu kuandika saa na tukio akumbuke kurasa hizo.

7. Vita vifupi kuliko vyote vilipiganiwa langoni mwa jumba la Sultani

Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akaingia kwenye jumba la kifalme bila ridhaa ya Waingereza. Akajifungia ndani na watu wapatao 2,800, wakiwemo walinzi wa jumba. Upande wa pili, askari wengine wa Sultani wapatao 900 walisimama na Waingereza chini ya Lloyd Mathews, yule yule aliyeanza kuliunda jeshi la Sultani mwaka 1877. Walinzi wa dola moja wakawa wanaangaliana kwa mitutu ya bunduki.

Tarehe 27 Agosti, saa 3 asubuhi, muda waliopewa ulikwisha na manowari za Waingereza zikaanza kupiga mizinga. Bendera ya Sultani ilipoangushwa, mapigano yakasita. Yote hayo yalichukua kama dakika 38. Upande wa Khalid watu kama 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, akasafirishwa Dar es Salaam, na mwishowe akafia Mombasa mwaka 1927. Walinzi waliokufa ndani ya jumba majina yao hayatajwi vitabuni.

8. Ngome Kongwe imewahi kuwa kila kitu

Ukitoka Ng'ambo kupitia Darajani, ukakata Mji Mkongwe hadi pwani ya Forodhani, unakutana na jengo kongwe la ulinzi Unguja. Ngome Kongwe ilijengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Katika karne ya 19 ililindwa na Wabulushi, askari wa kukodiwa kutoka upande wa pili wa Ghuba ya Oman, chini ya jamadari wao. Imekuwa kambi, jela, karakana ya reli ya Bububu mwanzoni mwa karne ya 20, kisha uwanja wa tenisi wa wanawake. Katika miaka ya karibuni ndani yake limefanyika tamasha la muziki la Sauti za Busara na kuoneshwa filamu za tamasha la ZIFF. Ngome iliyojengwa kuwazuia wageni leo mlinzi wake kazi yake kubwa ni kuwakaribisha.

9. Mlango wa Unguja ulijengwa kwa kumfikiria bawabu

Milango mikubwa ya Mji Mkongwe inasifiwa kwa nakshi, lakini kila kiungo chake kina kazi. Baadhi ya milango mikubwa ina mlango mdogo ndani ya ubao mmoja. Bawabu aliufungua huo tu, na mgeni akalazimika kuinama na kuingia peke yake. Hapana kundi linaloweza kupita kwa kishindo. Misumari mikubwa ya shaba ni urithi wa India, ambako inasemekana ilitiwa kwa ajili ya kuzuia tembo wa vita wasisukume mlango. Na baraza ya mawe nje ya ukuta ni mahali pa kumkalisha mgeni akazungumzwa naye kabla ya kuingizwa ndani. Chumba cha kusubiri na kibanda cha mlinzi tunavyoviona leo kwenye majengo ya serikali ni mpango ule ule, ila sasa ni wa vioo na aluminiamu.

10. Kwenye geti moja unaweza kukuta askari wa serikali mbili

Jambo hili huwachanganya wageni. Jeshi la Polisi na JWTZ ni vyombo vya Muungano. Lakini Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) ina vikosi vyake vinavyoitwa Idara Maalum. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 121, inavitaja Jeshi la Kujenga Uchumi (JKU), Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo (KMKM) na Chuo cha Mafunzo, ambacho kwingine huitwa magereza, na inampa Rais wa Zanzibar uwezo wa kuanzisha vingine. Pamoja nao wapo Zimamoto na Uokozi, na Kikosi cha Valantia (KVZ), ambao sare zao zimezoeleka kwenye malindo ya taasisi za serikali.

Kwa hiyo kwenye jengo moja unaweza kuonana na polisi wa Muungano, Valantia wa SMZ na mlinzi wa kampuni binafsi. Kila mmoja ana mkuu wake na amri zake. Mgeni mwenye busara hujitambulisha kwa kila mmoja, wala haoni kwamba anasumbuliwa.

11. Vikosi hivyo ndivyo pia vigogo wa kandanda

Tazama timu ambazo zimecheza Ligi Kuu ya Zanzibar: KMKM, JKU, KVZ, Mafunzo, Zimamoto, Polisi. Karibu kila kikosi cha sare kina timu yake. KMKM, JKU, Mafunzo, Zimamoto na Polisi zote zimewahi kuchukua ubingwa wa Zanzibar, na mwaka 2024 JKU ilikutana na Pyramids ya Misri kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Uwanja wenyewe wa nyumbani, Amaan, uko Ng'ambo. Ulijengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1970. Kijana anayeshangiliwa jioni uwanjani huenda asubuhi yake alikuwa kwenye gwaride.

12. Jua la Unguja linaenda sambamba na zamu

Walinzi wengi hupokezana saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Kwa Unguja, iliyo kama nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, mpango huu unakubaliana na jua: wakati wa magharibi hautofautiani hata kwa saa nzima mwaka mzima. Anayeingia zamu ya usiku hupata usiku kamili na si zaidi. Mwenzake wa London, mwezi Juni, huona jua mpaka baada ya saa 3 usiku, na mwezi Disemba jua humzamia karibu saa 10 jioni. Hesabu yetu ya saa, inayoanza kuhesabu mchana pale jua linapochomoza, inamfaa mlinzi kuliko mfanyakazi mwingine yeyote: saa moja ya lindo ndiyo saa moja ya siku.

13. Adui mkubwa wa mlinzi huja kati ya saa 9 na saa 11 usiku

Adui huyo ni mwili wake mwenyewe. Alfajiri ya mapema joto la mwili hushuka, usingizi huwa mzito na macho huchelewa kutambua. Haifichiki ni kwa nini wavamizi wa kila zama wameipenda saa hiyo, na Ziwani nayo ilivamiwa kama saa 9. Kula chakula chepesi, kutembea doria badala ya kukaa, na kuwasha taa za kutosha husaidia. Kukesha mfululizo kwa miaka kuna gharama pia. Mwaka 2007 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo yenye uwezekano mkubwa wa kusababisha saratani, na mwaka 2019 likathibitisha hivyo tena. Mlinzi wa usiku anastahili kupimwa afya na kupewa mapumziko ya kweli mchana. Tukimkuta anasinzia saa 10 alfajiri baada ya zamu nyingi mfululizo, tuulize kwanza ratiba imepangwa na nani.

14. Jicho huchoka kabla ya nusu saa kumalizika

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Mwingereza Norman Mackworth alichunguza kwa nini waendesha rada hodari walikosa kuona nyambizi za adui. Mwaka 1948 alionesha kwamba mtu anayekodolea macho kitu kisichobadilika huanza kukosa ishara katika nusu saa ya mwanzo. Leo mlinzi anakalishwa mbele ya skrini za kamera siku nzima, na ukweli huo haujabadilika. Dawa yake ni kupokezana mara kwa mara.

Utafiti mwingine, uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2005, uliwapa watu kazi ya kutafuta kitu fulani katika picha za mfano wa ukaguzi wa mizigo. Kitu hicho kilipokuwepo katika nusu ya picha, walikikosa mara 7 katika 100. Kilipokuwepo katika picha moja tu kati ya 100, walikikosa mara 30 katika 100. Yaani kadiri hatari inavyokuwa adimu, ndivyo jicho linavyoacha kuitarajia. Amani ya muda mrefu ni neema, nayo ndiyo inayoidai kazi ya mlinzi nidhamu kubwa zaidi.

15. Kifaa cha kugundua chuma kilizaliwa na risasi ya rais

Tarehe 2 Julai 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi kwenye stesheni ya treni mjini Washington, akitembea bila mlinzi. Madaktari hawakuipata risasi. Alexander Graham Bell, mgunduzi wa simu, akatengeneza mashine ya umeme ya kutafuta chuma mwilini. Haikufua dafu: springi za kitanda ziliivuruga, na daktari alimruhusu kutafuta upande mmoja tu, usiokuwa na risasi. Garfield alifariki tarehe 19 Septemba. Wazo hilo likakua, na leo ndilo linalolia unapopita getini na sarafu mfukoni.

16. Walinzi wasio na silaha waliokoa roho nyingi Nairobi

Tarehe 7 Agosti 1998, kama saa 4 na nusu asubuhi, gari lenye bomu lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani mjini Nairobi. Washambuliaji walitaka kuingia kwenye maegesho ya chini ya jengo. Mlinzi Mkenya aliyekuwa kwenye kizuizi, mikono mitupu, akakataa kufungua, wakamrushia guruneti. Bomu likalipuka nje. Watu 213 walifariki Nairobi, na muda huo huo watu 11 wakafariki kwenye ubalozi wa Dar es Salaam. Msiba haukuzuilika, ila gari lile halikuingia chini ya jengo, ambako lingeua wengi zaidi. Karibu wote waliokufa Dar es Salaam walikuwa Watanzania, wakiwemo walinzi waliokuwa kwenye malindo yao.

Tangu siku hiyo baadhi ya balozi Afrika Mashariki zilihamishiwa mbali na barabara, na ukaguzi kwenye majengo mengi ukawa mkali zaidi. Ukilalamika kwamba umekaguliwa mara mbili, kumbuka tarehe hiyo.

17. Kuna malango yanayofungwa kwa salamu kila usiku kwa miaka kama 700

Kwenye Mnara wa London, yalipo mataji ya wafalme wa Uingereza, mlinzi mkuu hufunga malango kila usiku kwa shughuli inayosemekana ilianza karne ya 14. Askari wa zamu humzuia, humuuliza ni nani na amebeba funguo za nani, ndipo humpisha, ingawa anamjua vizuri. Mwisho wa Disemba 1940, bomu la Wajerumani liliwaangusha walinzi wakati wa shughuli hiyo. Wakainuka, wakamaliza, na kuandika barua ya kuomba radhi kwa kuchelewa. Maana yake ni nyepesi kuelewa: kumfahamu mtu sura si ruhusa ya kumpitisha bila kumuuliza.

18. Jengo nalo huweza kuwa hatari kwa mlinzi

Beit al Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa jumba la kwanza Unguja kuwa na taa za umeme, na kuanzia mwaka 1911 likawa makao ya afisi za serikali ya Waingereza. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake iliporomoka wakati wa ukarabati, na wafanyakazi wawili wakafariki. Ulinzi wa jengo haumalizikii kwa wezi. Ufa mpya ukutani, nyaya zinazotoa cheche, maji yanayovuja kwenye dari: wa kuviona mapema ni yule anayelizunguka jengo kila saa. Daftari lake lisomwe na wahandisi pia.

19. Kubisha hodi ni sheria ya zamani kuliko geti

Katika Uislamu, dini ya watu wengi wa Unguja, Sura ya An-Nur, aya ya 27 na 28, inawataka waumini waombe ruhusa na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba za wenzao, na wakiambiwa warudi, warudi. Mafundisho ya Mtume yakaweka idadi: hodi tatu, usipojibiwa ondoka. Mlinzi anayekuuliza jina na kukuomba kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi anatimiza adabu ambayo sote tulifundishwa utotoni mlangoni mwa majirani. Nasi tuliofundishwa hivyo hatuna sababu ya kumkunjia uso.

Neno kwa msomaji

Ziwani, Raha Leo na Kisiwandui zote ziko Ng'ambo, na mtu anaweza kuzizungukia kwa miguu katika asubuhi moja. Katika kila moja, kuta na makomeo vilikuwepo; kilichoamua ni hali ya watu waliopewa kuvilinda: mafunzo yao, posho zao, usingizi wao, na kama walithaminiwa au walidharauliwa. Wakuu wa taasisi, wapeni walinzi wenu mafunzo, zamu za kibinadamu na mshahara kwa wakati. Nawe mwananchi, kesho ukifika kwenye afisi ya serikali, msalimu mtu wa getini kwa salamu ya heshima, toa kitambulisho bila kusubiri kuombwa mara ya pili, na andika jina lako kwa mwandiko unaosomeka. Usalama wa jengo hilo, na wako ukiwa ndani yake, uko mikononi mwake.